Hilaria Llamocca: Miaka Thelathini na Moja Kati ya Vikunya na Utitiri

Mama Hilaria Llamocca anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa wanyama cha Wayrapunku kwa miaka thelathini na moja na miezi kadhaa ambayo hakuna aliyejali kuihesabu. Aliajiriwa Aprili 1993 akiwa mpishi. Anaondoka akiwa mtunza sampuli mkuu, na bado anapika vizuri kuliko wote waliomfuata jikoni. Wapishi waliopo wamesoma sentensi hiyo na wameiacha ipite.

Ilipangwa wasifu huu uandikwe na mmoja wa madaktari. Mama Hilaria akakataa. Alisema madaktari wataandika majina marefu ya magonjwa mpaka karatasi iishe, na jina lake litakosa nafasi. Kazi ikaangukia kwetu sisi wabeba nguzo za mazizi. Shule yetu ilikuwa fupi, kwa hiyo msomaji atuvumilie.

Alivyotoka jikoni kwenda maabara ni hadithi fupi. Daktari wa mifugo wa kwanza wa kituo alitoka pwani, na baada ya siku tano za hewa yetu nyembamba kichwa kilimuuma hata akashindwa kuinama. Siku hiyo walikuwa wamekamata vikunya kumi na wawili, wale jamaa wadogo wa ngamia wenye sufu laini wanaoishi mwituni, waliotakiwa kukwanguliwa ngozi ili utafutwe utitiri wa upele kabla hawajaachiwa warudi mlimani. Mpishi akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kile kisu kidogo, akauliza, "Nikwangue kiasi gani?" Daktari, akiwa amelala chali kwenye nyasi, akajibu, "Mpaka uone damu kidogo tu." Wote kumi na wawili walikwanguliwa kabla supu haijapoa. Daktari akarudi pwani wiki ile ile. Mpishi hakurudi jikoni.

Wengine tuliokuja baadaye kutoka nchi za joto tulipokelewa naye kwa maneno yale yale: "Wewe mtu wa pwani, pumua kwanza, kujisifu baadaye." Alitupa majani ya koka ya kutafuna, akatufundisha kumshika kikunya sikioni na kiunoni, kamwe si shingoni, na akatuonyesha mahali pa kusimama ili mate ya mnyama yasitufike. Aliyesimama pengine alijifunza mwenyewe. Kazi hii ni ngumu, tusidanganyane. Nguzo ni nzito, mlima hauishi, na midomo hupasuka kwa baridi. Lakini hatukumbuki siku ambayo alitutuma mahali asipokwenda yeye.

Sampuli zake zilikuwa na sura ya pekee. Mama Hilaria alisoma madarasa matatu tu, na kuandika hakukupenda. Madaktari waliandika juu ya vichupa kwa kalamu, kisha wakavijaza spiriti ili utitiri uliokwanguliwa usioze. Spiriti ikivuja kidogo tu, wino unafutika. "Kalamu zenu zinalewa haraka," aliwaambia, na juu ya kila kichupa akafunga uzi wa sufu: rangi ni ya bonde, mafundo ni ya mwaka, ya mnyama na ya mahali palipokwanguliwa. Wageni walipiga picha zile nyuzi kama vitu vya sherehe. Baadhi ya madaktari walizikata ili vichupa viingie vizuri kwenye kisanduku. Alizifunga tena, na siku iliyofuata chai ya daktari aliyehusika haikuwa na sukari.

Lazima tutaje pia theluji ya mwaka 2002, iliyoangusha nguzo za umeme, tukakaa gizani siku tisa. Friza lilianza kutoa maji. Madaktari walikaa kikao. Mama Hilaria alibeba makopo yote ya sampuli, mia moja na themanini, akayapanga kwenye uwanja ambako jirani alikuwa ameanika viazi vyake vigandishwe na baridi. Akaketi hapo na kombeo lake kufukuza mbweha. Sampuli zote zilipona. Jirani ndiye aliyegoma, akasema hawezi kula viazi vilivyolala na magonjwa. Mama Hilaria akaomba chumvi, akavila mbele yake, kimoja baada ya kingine, mpaka jirani akaona aibu akanyoosha mkono na yeye.

Hayo ni ya kucheka. Lililo kubwa katika utumishi wake ni lile la mwaka 2018. Wakubwa wengine wangependa tulipite kwa heshima, lakini mwenyewe ameagiza liandikwe lote.

Kituo chetu kiko kwenye kipito cha mlima kinachotenganisha vijiji viwili. Upande wa mashariki ni Chillwapampa, kwao Mama Hilaria. Upande wa magharibi ni Ancasmayo. Vikunya hawajui mpaka, hupita kipitoni wapendavyo. Kila kijiji hufanya chaku yake mara moja kwa mwaka: watu wazima wote hushika kamba moja ndefu yenye riboni, huteremka mlima bega kwa bega, na vikunya hutangulia mbele yao hadi zizini. Hunyolewa sufu, hupimwa, huachiwa. Ili mnyama asipagawe wakati wa kunyolewa, huvishwa kofia ya kitambaa inayofunika macho. Kofia hizo zote, arobaini na mbili, alizishona Mama Hilaria kwa mkono wake, na zilitumika Chillwapampa, kisha wiki iliyofuata zilifungwa kwenye gunia na kuazimwa Ancasmayo.

Hazikufuliwa. Hiyo ilikuwa sheria, na sheria ilikuwa ya kwake. Alituapisha sisi na wanyoaji wote: kofia yenye harufu ya kikunya humtuliza kikunya, kofia yenye sabuni inanuka mtu. Na ni kweli walitulia. Tuliona kwa macho yetu, tukaamini.

Mwaka 2016 upele ulianza kuonekana kwa wanyama wachache upande wa Chillwapampa. Mwaka 2017 ukalipuka pande zote mbili. Asiyewahi kuona upele wa vikunya ashukuru. Ngozi hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, miguu hukakamaa, mnyama hawezi kutembea kutafuta maji, hufa amesimama. Wachungaji waliwapaka oili chafu ya magari, dawa ya babu zao, mpaka mlima ukawa kama gereji. Haikusaidia. Ancasmayo peke yake ilipoteza zaidi ya vikunya mia moja.

Chillwapampa ikasema ugonjwa umeletwa na alpaka wa Ancasmayo, wale ndugu wa vikunya wanaofugwa kwa sufu. Ancasmayo ikasema Chillwapampa wenyewe ndio wa kulaumiwa. Mwenyekiti wa Chillwapampa wakati huo alikuwa Bwana Macedonio Llamocca, kaka yake mkubwa Mama Hilaria. Akaamua kipito kifungwe kwa ua wa waya, kutoka jabali hadi jabali, mnyama asivuke tena. Nguzo zikaletwa. Ni sisi tuliozishusha. Kilichobaki ni kura ya mkutano wa kijiji.

Daktari Noemí Zevallos, mkuu wa kituo, alijua ua ule ungefanya nini. Katika miaka miwili ya ugonjwa alikuwa amegundua kwamba baadhi ya vikunya wa Ancasmayo hupata upele kisha hupona wenyewe, bila sindano. Majike hao walikuwa ndugu, vinasaba vyao vilionyesha hivyo. Watoto wao wangeweza kuvuka na kuzaana upande wa pili, na kinga ile ikavuka nao. Ukifunga kipito, unaifungia kinga nje, na upande wa mashariki unaachwa na upele wake. Lakini mkutanoni nani angemsikiliza mtu wa mji mkuu, Lima?

Akaamua kwanza kujua utitiri ulitoka wapi. Utitiri nao una vinasaba, na ukilinganisha wa zamani na wa sasa unaweza kujua nani ni bibi na nani ni mjukuu. Vichupa vya miaka yote vikatolewa kabatini ili vipelekwe Lima. Wino ulikuwa umefutika karibu kwenye vyote. Daktari alikaa chini akashika kichwa. Mama Hilaria akaketi mbele yake, akashika nyuzi kwa vidole, akaanza kusoma: hiki ni cha bonde la Qollpa, upande wa Chillwapampa, mwaka elfu mbili na kumi na sita, jike wa nne. Hiki ni cha alpaka wa Ancasmayo. Siku mbili alisoma, Daktari akaandika.

Majibu yalirudi baada ya wiki saba. Utitiri wa alpaka wa Ancasmayo ulikuwa ukoo mwingine kabisa. Ule ulioua vikunya wa Ancasmayo ulikuwa wajukuu wa ule wa Chillwapampa. Ugonjwa ulitoka Chillwapampa kwenda Ancasmayo.

"Umevukaje?" aliuliza Mama Hilaria.

"Vinasaba havisemi hilo," Daktari akajibu. "Vinasema nani ni ndugu wa nani. Havisemi alipanda gari gani."

 Kwa kawaida upele wa vikunya huanza sehemu zisizo na sufu nyingi, kwenye mapaja na kwapani. Wa Ancasmayo mwaka 2017 ulianza masikioni na kwenye mashavu, ukazunguka kichwa kama mkanda. Mama Hilaria aliliona hilo tangu mapema, akaandika kwa mafundo, na hakujua alichokuwa akikiandika. Sasa alikwenda stoo, akalifungua gunia la kofia lililokuwa limetoka tu kwenye chaku, akakwangua mshono mmoja mmoja, akaweka chini ya hadubini. Utitiri ulikuwa mzima, unatembea.

Tulikuwa stoo tunapanga kamba, tukamwona ameinuka kutoka kwenye hadubini, akakaa juu ya gunia. Daktari akaja akaangalia hadubini, kisha naye akakaa.

"Si lazima useme wewe," Daktari akamwambia. "Nitaandika kwenye ripoti kwamba upele uliambukizwa kwa vifaa."

"Ukiandika vifaa, watauliza vya nani."

"Nitasema vya kituo."

"Kisha kaka yangu atasema kituo kinawatetea Ancasmayo, na ua utajengwa Jumatatu. Wewe hukuzaliwa hapa, Daktari. Hawa hawakuamini wewe. Mimi wananiamini, na ndiyo maana hawakufua."

Hatukupenda. Tulimwambia asiende. Mmoja wetu alimwambia waziwazi kwamba atapoteza kazi, na kijijini hatasalimiwa. "Mama, nyamaza tu, zioshwe kimya kimya, mwakani upele utakuwa umekwisha." Akatuuliza, "Na kipito?" Tukarudi kupanga kamba.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule ya Chillwapampa. Watu wa Ancasmayo hawakuwa na haki ya kuingia, lakini mwenyekiti wao, Don Cirilo Taipe, alikuja na wenzake wanne, wakasimama nje ya geti. Bwana Macedonio alisoma majibu ya Lima mwenyewe, hakuficha. Ni mtu mkweli, hilo tunampa.

"Wadudu ni wa kwetu. Sawa," alisema. "Wamefikaje kule? Kwa miguu ya vikunya, kupitia kipito. Na kesho watarudi na wengine. Kwa hiyo ua ni wa lazima hata zaidi ya jana. Nani anabisha?"

"Mimi, kaka," Mama Hilaria akasema.

"Kaa chini, dada. Wewe ni mtu wa kituo."

"Mimi ni mtu wa nyumba yenu. Wewe ndiye uliyekuwa unajificha chini ya kitanda kondoo akichinjwa, mimi nakutoa kwa mguu." Watu wakacheka, hata Bwana Macedonio akashindwa kukunja uso vizuri. Alipopata nafasi hiyo, akapita mbele, akamwaga gunia mezani. "Hawakuvuka kwa miguu. Walivuka ndani ya hizi. Nilizishona mimi. Mimi ndiye niliyekataza zisifuliwe."

Kicheko kikakatika. Mnyoaji mmoja, mwanamke, akasimama nyuma. "Mama, si ulituapisha? Si ulisema sabuni inanuka mtu?"

"Nilisema."

"Mume wangu alitaka kuzifua, ukamtukana mbele ya watu!"

"Nilimtukana. Yeye ndiye alikuwa sawa. Nitakuja kwenu kumwambia."

Bwana Macedonio akainama karibu naye, lakini uwanja wote ulisikia. "Hilaria, unajua unachofanya? Ancasmayo watatucheka mpaka wajukuu wetu wazeeke."

Hapo Don Cirilo akasema kutoka getini, ingawa hakuruhusiwa. "Hatucheki, Macedonio. Tumezika vikunya mia moja na sita. Nani ana meno ya kucheka?"

Hakuna aliyemfukuza. Mama Hilaria akasema neno lake la mwisho: ua hauzuii gunia, na waya huo utawazuia tu wale majike wanaopona. Kisha akamwita Daktari Noemí aeleze habari ya majike hao, na safari hii watu wakamsikiliza. Kura zikapigwa kwa mikono. Wanaotaka ua, sitini na mmoja. Wasiotaka, sabini na wanne.

Haikuwa sherehe. Mkutano huo huo uliamua kwamba Mama Hilaria asiguse mnyama kwenye chaku kwa misimu miwili. Alikubali. Misimu yote miwili alikaa pembeni ya zizi kwenye moto, na sufuria kubwa, akichemsha kofia. Kila kofia ilivishwa mnyama mmoja, ikarudi kwake, ikachemshwa. Walioogopa kwamba wanyama watapagawa kwa harufu ya sabuni waliona wenyewe: wanatulia vilevile. Ni giza linalowatuliza. Alipoambiwa hivyo, alisema, "Miaka ishirini na mitano nimeshikilia ujinga kwa mikono miwili," akaongeza kuni. Kwa mnyoaji yule na mumewe alikwenda kama alivyoahidi. Alirudi na jibini, kwa hiyo tunadhani waliyamaliza.

Nguzo za ua zilikaa uwanjani mwaka mzima. Nne sasa ni magoli ya shule, zilizobaki zinashikilia paa la banda letu la kunyolea. Sisi ndio tuliozibeba tena, na safari hiyo hatukulalamika sana.

Msimu uliopita, katika vikunya mia nne na watatu waliokamatwa pande zote mbili, wenye upele walikuwa kumi na mmoja. Upele haujaisha. Sindano zinaanza kushindwa na baadhi ya utitiri, na Daktari Noemí anasema bado tuna miaka ya kazi. Lakini kwenye mavi yaliyookotwa upande wa Chillwapampa mwaka jana, vinasaba vya wajukuu wa wale majike wa Ancasmayo vimepatikana kwenye makundi matatu. Wamevuka. Wanazaa huku. Mama Hilaria alipopewa karatasi ya majibu aliomba asomewe mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani, kisha akamfokea mtu aliyeacha mlango wa friza wazi.

Kwa utumishi wake amekusanya sampuli elfu sita na mia mbili. Amefundisha wanyoaji wa vijiji tisa. Jina lake limo kwenye makala nne za kisayansi, katika moja likiwa limekosewa. Chuo kikimwalika atoe mhadhara, huanza kwa zile kofia. Wanafunzi humwuliza kwa nini asianze na mafanikio. Huwaambia mafanikio yanajua njia, yatafika yenyewe.

Kaka yake hajawahi kusema kwamba dada yake alikuwa sawa, na kwa jinsi tunavyomjua hatasema. Lakini jana asubuhi kondoo wawili wanono waliletwa kituoni kwa ajili ya karamu ya Ijumaa, na aliyewaleta alisema ametumwa na Bwana Macedonio, ambaye anauliza nyama ianze kuiva saa ngapi.

Tena, wiki iliyopita Don Cirilo alifika kwa farasi. Ancasmayo wanafanya chaku yao Jumatatu, tarehe mosi Julai. Wanyoaji wao ni wapya, wanataka mtu wa kuwasimamia zizini. Mama Hilaria alimweleza kwa kirefu kwamba anastaafu, magoti yamekwisha, na mikono inatetemeka. Don Cirilo alisikiliza yote, amevua kofia.

"Wazee wa kwetu wamekutaja kwa jina, Mama," akasema. "Hawakusema walete mtu wa kituo. Walisema Hilaria."

 Mama Hilaria akauliza Ancasmayo wana masufuria mangapi makubwa.

Mama Hilaria, wafanyakazi wenzako wa Wayrapunku tunakushukuru. Umetufundisha kushika mnyama bila kumuumiza, na kusema tumekosea kabla hatujaulizwa. La pili bado tunajifunza. Tunakutakia maisha marefu yenye moto wa kutosha, usingizi usiokatizwa na sisi, na vikunya wenye ngozi safi pande zote mbili za mlima.

Wageni wazingatie: lori la kwenda Ancasmayo litaondoka getini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kiti cha mbele kina mwenyewe.

Kwa niaba ya wafanyakazi,
Eleuterio Sernaqué, mbeba nguzo